Kijana wa Lisala: matata ya shuleni, miaka ya jeshi, na kile kilichofuata



Mu ukurasa huu wa maisha ya watu wa zamani tumezoea kuleta watu ambao kila mmoja anafurahi kusikia habari zao. Safari hii hapana. Mtu tunayemleta, jina lake likitajwa mu kikao chetu, nusu wananyamaza na nusu wanaanza kusema wote mara moja. Njo Joseph-Désiré Mobutu. Najua wengine mtauliza: huyu tena? Miaka 32 haikutosha? Ngojeni kidogo niseme sababu.

Sababu njo watoto wetu. Tunapopita mu Kikula, Shituru na Panda kuona jamaa zilizorudi, neno moja linatoka kila mara mu kinywa cha wazazi. Mtoto ameacha masomo, anashinda ku machimbo, anarudi usiku ananuka lutuku, anauza hata sufuria ya mama yake. Basi heri jeshi limchukue, limnyooshe. Tangu mwisho wa 2022, pale Rais wa Jamhuri alipoita vijana waingie jeshi juu ya vita vya Kivu, neno hilo limezidi. Na kuna wale wanaotazama upande wa Kaniama-Kasese, mu Haut-Lomami, ambako Service National inapokea vijana wa fujo kutoka Kinshasa, wale wanaoitwa kuluna, inawavika uniforme na kuwafundisha kulima mahindi, kushona na useremala. Wazazi wanasikia habari ile, wanasema: na wangu pia.

Kwa hiyo nimeona vizuri tuangalie mfano mkubwa kuliko yote mu historia ya inchi yetu: kijana mtukutu aliyetupwa jeshini kama azabu, na jeshi likamtoa mtu. Mtu wa namna gani, tutaona mbele.

Alizaliwa Lisala, pembeni ya mto Kongo, mu Équateur, tarehe 14 Oktoba 1930. Baba yake, Albéric Gbemani, alikuwa mpishi wa hakimu mmoja Mbeleji. Mama yake, Marie-Madeleine Yemo, alifika Lisala akikimbia nyumba ya chifu wa kwao, chifu mwenye wake wengi, na tayari alikuwa na watoto. Ninyi mliotembea na watoto mgongoni na kibunda kimoja ku kichwa mnaelewa ile ni safari gani. Mjini alipata kazi ya kufanya usafi ku hoteli. Huyo njo Mama Yemo ambaye jina lake lilikuja kupewa hospitali kubwa ya Kinshasa, na wazee wengi wa kule mpaka leo wanaiita vile vile.

Mke wa hakimu alimpenda mtoto wa mpishi wake. Alikuwa anatembea naye, anamfundisha kusema Kifaransa, kukisoma na kukiandika. Wakati ule, mtoto mweusi kushikwa mkono na mama wa Kizungu mu barabara ya Lisala, lilikuwa jambo la kushangaza watu. Ile Kifaransa ya nyumbani kwa hakimu ilimfuata maisha yote. Ilimfungulia milango, na ilimletea matata pia.

Mwaka 1938 baba akafa. Mtoto alikuwa na miaka 8. Hapo njo maisha yakageuka. Mama akahama-hama na watoto, mara huku mara kule. Mtoto akalelewa mara na babu, mara na mjomba, akaanza shule hii, akaacha, akaingia ile. Mwisho akafika Coquilhatville, njo Mbandaka ya leo, akawekwa ku shule ya wamisionari wakatoliki. Mtu anayefanya kazi na watoto wetu hapa Likasi angemjua mara moja. Mtoto bila baba, aliyepitia nyumba nne tano, mwenye akili nyingi na hasira nyingi.

Ku shule alikuwa mrefu, mwenye nguvu, mzuri ku michezo. Ku masomo alikuwa kati ya wa kwanza. Aliendesha hata gazeti la kelasi. Lakini mapadri walichoka naye. Wengi wao walikuwa Waflamand, Kifaransa si lugha ya mama yao, na kila padri alipoteleza mu neno, ule kijana alikuwa anasimama mbele ya wote kumsahihisha. Wenzake wanacheka, padri anageuka mwekundu. Hilo halikuwa kosa la kufunga mtu, ila mu shule ya wakoloni mwanafunzi mweusi kumchekesha Muzungu mbele ya kelasi lilikuwa zaidi ya kosa.

Kisha ikaja 1949. Kijana alijificha mu mashua kubwa ya mtoni, akashuka mpaka Léopoldville. Alikuwa na miaka kama 18, 19. Kule akapata msichana, akakaa majuma kadhaa, mpaka mapadri wakamkamata. Tupime hilo kosa kwa mizani ya kweli. Hakuua mtu. Alipanda mashua bila ruhusa, akaenda kuona mji mkubwa na kupenda msichana. Lakini wakati ule mtu mweusi hakuweza kutoka sehemu moja kwenda nyingine bila karatasi, na kwa mapadri wale Léopoldville ilikuwa shimo la zambi. Mwisho wa mwaka wa shule hukumu ikatoka. Asingefungwa jela, angepelekwa ku Force Publique, jeshi la wakoloni, miaka 7.

Azabu ile haikuwa ya huyu peke yake. Njo desturi ilikuwa. Shule ilikuwa inatupa kule wanafunzi wenye kichwa ngumu. Na chifu, serkali ikimuomba watu wa kuingia jeshi, hakutoa mtoto wa dada yake. Alikuwa anatoa yule anayemsumbua kijijini. Kwa hiyo Force Publique lilijaa watu ambao nyumbani hawakutakiwa. Mzazi wa leo anayesema jeshi limchukue, hajui kama anarudia neno la chifu wa zamani.

Mu 1950 akapelekwa Luluabourg. Ni Kananga ya leo, mji ambao wengi wenu munaujua vizuri, juu njo kule ao karibu na kule treni iliwashusha mu 1992 na 1993. Miaka 6 tu mbele yake, mu Februari 1944, askari wa kambi ile ile ya Luluabourg walikuwa wameasi, na Wabeleji walikuwa hawajasahau. Jeshi lilikuwa la ukali. Fimbo ilikuwa inapigwa. Askari weusi walikuwa maelfu kwa maelfu, lakini hakuna mweusi hata mmoja aliyekuwa afisa. Maafisa wote Wabeleji. Mweusi akifika cheo cha sajini, amefika karibu na paa la nyumba.

Mtu angesema kijana ule mwenye mdomo angevunjika mule ao angekimbia. Haikuwa vile. Alituliza roho. Na hapa njo pahali ambapo nataka wazazi wasome polepole.

Kule jeshini alikutana na Louis Bobozo. Bobozo alikuwa sajini, mkubwa kwake kwa umri, mtu wa sehemu za kwao, wa kabila lake la Wangbandi. Alimshika kama mtoto wake. Alimfundisha kutandika kitanda, kusafisha bunduki, kunyamaza wakati wa kunyamaza, lakini zaidi alimuonyesha mwanaume mkubwa anaishi namna gani. Kwa mtu aliyepoteza baba na miaka 8, hilo lilipita mshahara. Kwa maoni yangu mimi, ukiondoa Bobozo mu habari hii, jeshi halikumponyesha Mobutu. Lingemtoa soda mwingine mwenye hasira, na bunduki juu yake.

Jambo la pili lilikuwa kusoma. Kwa kuwa alijua Kifaransa kuliko wenzake, wakamuweka ku masomo ya ukarani na kuhesabu franga pale Luluabourg. Akawa karani wa jeshi. Aliomba maafisa Wabeleji wamuazime magazeti yao yakishasomwa, akachukua vitabu popote alipovipata, akavisoma hata saa ya kulinda usiku. Alisoma habari za de Gaulle, za Churchill, na kile kitabu cha Machiavelli juu ya kutawala. Wengine wanasema pale njo siasa yake yote ilianzia. Mimi nasema tu kwamba askari anayelinda lango huku anasoma, angeweza kuazibiwa, na aliendelea kusoma.

Kisha akaanza kuandika. Askari hakuruhusiwa kuandika mu magazeti, kwa hiyo alijipa jina lingine, de Banzy, kutoka Banzyville, mji wa sehemu za kwao. Kwa jina hilo makala yake yakapita mu magazeti ya Léopoldville. Mtazame: ule aliyekuwa anasahihisha Kifaransa cha mapadri ku shule, sasa Kifaransa kile kile kinasomwa mu mji ule ule aliokamatiwa.

Mu 1955 akaoa Marie-Antoinette Gbiatibwa Yetene. Msichana alikuwa na miaka 14. Wakati ule watu hawakuona haya. Leo sheria ya Kongo inasema 18, na chama chetu kinashika hapo bila kupindisha.

Mwaka 1956 akavua uniforme. Kijana wa azabu alitoka na nini? Na cheo cha sajini, na ufundi wa ukarani, na mke, na baba wa kuchagua, na jina la kuandika. Kama habari ingekomea hapo, ningeshuhudia mbele ya mzazi yeyote wa Kikula kwamba jeshi lilimsaidia. Alikuwa na miaka 26.

Lakini haikukomea.

Ku Léopoldville akawa mwandishi wa gazeti L'Avenir. Mu 1958 alipelekwa Bruxelles kwa maonyesho makubwa ya dunia, akabaki kwa mafunzo. Akamjua Patrice Lumumba, akaingia chama chake cha MNC. Watu waliowajua wote wawili walisema kwamba wakati ule ule alikuwa pia anapeleka habari kwa wapelelezi wa Ubeleji. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, alikuwa katibu wa serkali kando ya Lumumba.

Siku tano tu baadaye jeshi likaasi. Jenerali Janssens, mkubwa wa Force Publique, alikuwa amewaandikia askari ku ubao kwamba baada ya uhuru kwao ni sawa na mbele ya uhuru. Askari wakakasirika, kambi ya Thysville ikawaka, na moto ukatembea inchi nzima. Lumumba akatafuta haraka wakubwa weusi wa kushika jeshi. Hapa wazee wa Likasi wanajua jambo ambalo vijana hawalijui: mkubwa wa kwanza mweusi wa jeshi la Kongo alitoka mji huu wetu. Victor Lundula alikuwa burugumesta huku Jadotville, mtu aliyewahi kuvaa uniforme wakati wa vita vya 1940-45. Lumumba akamfanya jenerali. Na chini yake, kama mkubwa wa etat-majori na cheo cha koloneli, akamuweka Mobutu, kwa kuwa ndani ya serkali ile changa alikuwa mmoja wa wachache waliojua soda anawaza nini. Sajini wa juzi alizunguka kambi kwa kambi akituliza askari. Alijua lugha yao, alijua hasira yao, alijua fimbo ilikuwa inauma wapi.

Haikupita miezi mitatu, Lundula akasukumwa pembeni, na tarehe 14 Septemba 1960 Mobutu akatangaza kwamba anawanyamazisha wanasiasa wote. Ile mara ya kwanza hakukaa mwenyewe ku kiti. Aliweka vijana wa vyuo vikuu watawale. Lakini Lumumba, aliyemuinua, alikamatwa na askari wa Mobutu mwezi wa Desemba, akaletwa huku Katanga tarehe 17 Januari 1961, akauawa usiku ule ule, si mbali na Élisabethville. Wanaotaka kujua kama jeshi lilimfundisha utii, wajibu wenyewe.

Miaka ya kujitenga kwa Katanga na Kasai ya Kusini naipita haraka, juu kila jamaa mu chama chetu ina habari yake na hazifanani. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu alishika utawala wote, na safari hii akakaa mwenyewe. Na nani aliwekwa mkubwa wa jeshi lote? Louis Bobozo, sajini wa zamani wa Luluabourg, sasa jenerali. Watu wa Kinshasa walicheka chini chini. Mimi siicheki. Ni moja ya mambo machache ya maisha yake yanayoonyesha shukrani bila hesabu.

Mu 1966 mji wetu uliacha jina la Jadotville, ukawa Likasi. Élisabethville ikawa Lubumbashi. Mwisho wa mwaka ule serkali ikanyang'anya Union Minière, na kutoka mule njo Gécamines ilizaliwa, mama aliyetulisha na kutusomesha wengi wetu, na baadaye akatuacha bila mshahara. Mwaka ule ule, mwezi wa Juni, wanasiasa wanne walinyongwa Kinshasa mbele ya watu wengi sana, mmoja wao Évariste Kimba, mtoto wa Katanga. Mu 1971 inchi ikawa Zaïre, na Katanga ikaitwa Shaba. Hayo wazee wanayajua kuliko mimi, mimi nimeyasoma tu ku chuo.

Jambo nililoliwazia zaidi ni lile la Juni 1971. Miaka miwili mbele, tarehe 4 Juni 1969, wanafunzi wa Lovanium, chuo kikuu cha Kinshasa, walitembea mu barabara kuomba haki zao, na askari wakawapiga risasi. Mu Juni 1971 wenzao walitaka kukumbuka wafu wale. Walivaa kilio, walifanya fujo, walimtukana mkubwa wa inchi. Mobutu akafunga chuo, akakusanya wanafunzi wote, akawaingiza jeshini kwa nguvu.

Wanafunzi wale walikuwa vijana wenye Kifaransa kizuri, wenye mdomo, wanaosahihisha wakubwa mbele ya watu. Na mwenye kutoa hukumu sasa alikuwa na miaka 40, na hukumu yake ilikuwa ile ile ya mapadri wa Coquilhatville. Najiuliza kama usiku ule alikumbuka mashua ya 1949. Labda alikumbuka vizuri, na njo maana. Mtu akishaambiwa kwamba azabu fulani ilimfanya mtu, ni vigumu kumuonyesha kwamba ile ilikuwa azabu. Ataitoa kwa wengine kama zawadi.

Lakini wale wa Lovanium hawakumpata Bobozo wao. Walipata kambi, kunyolewa, na kuamriwa. Jeshi halikuwaita juu ya kuwafundisha. Liliwaita juu ya kuwanyamazisha. Hiyo njo tofauti nataka tuishike tunaposikia mahali popote kwamba vijana wa fujo wanachukuliwa. Tuulize: kule ndani nani atawashika mkono? Watatoka na ufundi gani? Watatoka siku gani? Kama majibu hayapo, ile si shule.

Kwa soda wake pia hakuwa baba. Hapo njo ajabu kubwa. Mtu aliyejua mwenyewe mshahara wa soda ni nini, mu 1960 jina lake lilisimama kati ya askari kwa sababu aliweza kuwalipa wakati sanduku la serkali lilikuwa tupu. Lakini kadiri miaka ilivyopita, franga zilikwenda kwa walinzi wake mwenyewe, wale wa DSP, na kwa wakubwa. Soda wa kawaida aliachiwa bunduki ajilipe nayo. Wakati wa vita vya Shaba vya 1977 na 1978, pale Wakatanga waliokimbilia Angola walipoingia na kufika mpaka Kolwezi, jeshi lake halikuweza kusimama peke yake. Wamaroko, Wafaransa na Wabeleji njo walikuja kumuokoa. Mu Septemba 1991 soda wa Kinshasa, wenye njaa, walianza kupora maduka, na uporaji ukasambaa mpaka huku kwetu Katanga. Duka lililoporwa siku zile halikufunguliwa tena, na kazi ya mtu ikaisha pale.

Na kisha 1992. Sitaandika mengi, juu wasomaji wa ukurasa huu waliyaona kwa macho yao. Siasa ya Kinshasa iligeuka, waziri mkuu akabadilishwa, na hasira ya wakubwa ikamwagwa juu ya jirani. Watu wenye asili ya Kasai, waliozaliwa Likasi, watoto wa wafanyakazi walioletwa na Union Minière, walifukuzwa mu nyumba zao, wakalala ku stesheni ya gari-moshi na mu mashule, wakingoja mabehewa. Mamia ya maelfu mu Katanga nzima walitolewa kwao ao walikimbia, na wengi, hasa watoto, walikufa mu njia. Mobutu wakati ule alikuwa bado ku kiti, na angali na masoda. Hakuwatuma kulinda stesheni. Alikuwa anakaa sana Gbadolite, mu msitu wa kwao, na ugomvi wa raia kati yao ulimfaa. Hayo ni maoni yangu, na najua katikati yetu wamo wenye maoni mengine juu ya nani alianza. Tumekubaliana zamani kwamba mu chama hiki, waliorudi na waliobaki wanakaa ku benchi moja, na sivunji neno lile.

Sasa nirudi kwa mzazi wa Kikula, mwenye mtoto na sufuria iliyouzwa. Simwambii asimtoe mtoto. Jeshi la inchi ni kazi, na vita vya mashariki si mchezo. Wapo vijana wa Likasi waliochagua kwa roho yao, na tunawaombea. Ila ajue mambo haya. Mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa. Sheria ya Januari 2009 ya kulinda watoto inakataza, na mtu mkubwa anayempeleka anafanya kosa la kufungwa. Tumeshaona kadogo wa 1996 na 1997 walitoka vitani namna gani. Wengine wao wako hapa mjini, ni wanaume wa miaka zaidi ya 35, na bado wanaamka usiku wanapiga kelele. Ajue pia kwamba Mobutu aliingia akiwa anajua kusoma kuliko wakubwa wake. Mtoto aliyeacha shule mu mwaka wa tatu wa primeri hataazima magazeti ya afisa. Atapewa bunduki na atapelekwa mbele.

Na kama ni Bobozo anayetafutwa, siyo lazima avae uniforme. Mu kazi yetu tumeona fundi gereji mmoja wa Shituru mwenye vijana watano chini ya gari, anawafokea kutwa nzima na kuwagawia bukari yake saa sita. Wawili kati yao waliletwa na mama zao wakiwa wamekata tamaa. Likelemba ya chama, kama mnavyojua, ilinunua sehemu ya vyombo vyao, na wafadhili wetu wakaongeza nyingine. Hesabu kamili mtaiona mu ukurasa wa fedha.

Yaliyobaki ya maisha ya Mobutu ni mafupi. Ugonjwa wa kansa ya prostate ulimkamata, akatibiwa Uswisi na Ufaransa, na wakati ule askari wa AFDL wa Laurent-Désiré Kabila walikuwa wanakuja kutoka mashariki. Wengi wao walikuwa watoto. Jeshi la Zaïre lilikimbia mji kwa mji, likipora mbele ya kukimbia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kufa kwa ajili ya mtu asiyemlipa. Lubumbashi ilianguka mu Aprili 1997. Tarehe 16 Mei aliondoka Kinshasa kwenda Gbadolite, na kutoka kule ndege ikamtoa inchi, huku masoda wake mwenyewe wakiipiga risasi kwa hasira ya kuachwa nyuma. Alipokelewa Maroko. Akafa Rabat tarehe 7 Septemba 1997, karibu miezi minne baadaye. Alikuwa na miaka 66.

Alizikwa kule kule Rabat, ku makaburi ya Wakristo. Kaburi lina kijumba kidogo, na juu yake hakuna jina refu lile alilojipa mu 1972. Kuna herufi tatu tu za jina lake. Mu Oktoba 2013 Rais Joseph Kabila alitangaza kwamba mwili wake na wa Moïse Tshombe, anayelala Ubeleji, ingerudishwa inchini. Tshombe na Mobutu, maadui wale wawili, wangepanda ndege moja ya kurudi nyumbani kama sisi tulivyopanda treni moja. Mpaka leo hakuna aliyerudi.